Diwani hana mfuko, ana kikao: namna ya kuandaa vipaumbele vya kata mkoani Dodoma

Mgombea udiwani anayesimama mbele ya watu Bahi, Chamwino au Mpwapwa na kuahidi maji, barabara, umeme na zahanati, ametaja mambo manne ambayo matatu kati yake hayamo mikononi mwa halmashauri anayoomba kuingia. Maji ya vijijini yako RUWASA tangu 2019. Barabara za vijijini na mijini ziko TARURA tangu 2017. Umeme uko TANESCO na REA, wakala wa nishati vijijini. Zahanati ndiyo ya halmashauri, na hata hiyo haijengwi kwa kauli ya diwani mmoja.

Diwani hana mfuko, ana kikao. Ana kiti kwenye Baraza la Madiwani, anaingia kwenye kamati za kudumu, na ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kipaumbele cha udiwani kinachofika mbali ni kile ambacho mgombea anajua kitapita kikao gani, kikiwa na karatasi gani, mwezi gani, na baada ya hapo kitabisha mlango wa nani. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukiandaa hivyo, kuanzia kwenye vitongoji mpaka kwenye jukwaa. Umeandikwa kwa ajili ya mgombea na timu yake, lakini mpiga kura naye anaweza kuuchukua akamwulizia mgombea maswali.

Kalenda kabla ya ahadi

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Uchaguzi wa madiwani hufanyika Oktoba. Maana yake ni kwamba diwani anayeapishwa mwishoni mwa mwaka anakuta bajeti imeshapitishwa na inatumika tayari. Aliyechaguliwa Oktoba 2025, bajeti ya kwanza yenye mkono wake ni ya 2026/27. Ukihesabu kutoka hapo hadi Juni 2030, ana miaka minne kamili ya bajeti, si mitano. Mgombea anayeahidi jambo "ndani ya siku mia moja" inampasa awe na uhakika kwamba jambo hilo halihitaji fedha mpya.

Mwendo wa bajeti yenyewe ni huu. Vijiji na mitaa huibua na kupanga miradi yao kati ya Novemba na Januari, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Mapendekezo hupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wataalamu wa halmashauri huyachambua, Baraza hupitisha bajeti miezi ya mwanzo wa mwaka, na Bunge hukaa kuijadili Aprili hadi Juni. Diwani mpya, kwa hiyo, anaingia ofisini wakati ambao dirisha liko wazi kabisa. Akitumia Desemba na Januari kupokea pongezi, amepoteza mwaka mzima.

Jambo la pili la kalenda ni la hali ya hewa, na wagombea wengi linawapotosha bila wao kujua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni haba, wastani wa milimita 500 hadi 600 na ushei kwa mwaka. Kampeni huwa Agosti hadi Oktoba, kiangazi kikali. Wakati huo visima viko chini kabisa na foleni za ndoo ni ndefu, hivyo kila mtu atataja maji. Lakini makorongo ni makavu, pikipiki inapita kila mahali, na hakuna atakayekumbuka kwamba Februari kijiji kilikatika siku kumi na mama mjamzito akavushwa kwa machela. Kwa hiyo kila unapokusanya hoja, uliza mara mbili: "Sasa hivi shida ni nini?" na "Mwezi wa pili huwa shida ni nini?" Majibu yatatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha kata ilivyo.

Kukusanya hoja bila kukusanya malalamiko

Tengeneza daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila kitongoji au mtaa. Kata yenye vijiji vinne na vitongoji kama kumi na nane inahitaji wiki tatu za kutembea kwa watu wawili, mmoja wa kuzungumza na mmoja wa kuandika. Ukijaribu kwa wiki moja utaishia barabarani na kwenye senta, nao wanaokaa senta si wenye shida kubwa zaidi.

Usiitishe mkutano. Kwenye mkutano huzungumza wazee na wenye kauli, na kinachosemwa na wa kwanza hurudiwa na wote. Nenda kituo cha maji saa kumi na mbili asubuhi, nenda mashine ya kusaga, nenda zahanati siku ya kliniki ya watoto, nenda mnadani. Kijana wa bodaboda anajua barabara kuliko mwenyekiti. Mama anayeuza mboga anajua ushuru kuliko mhasibu. Wafugaji utawapata jioni lamboni, yaani kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, wala usitegemee wakufuate wewe.

Kwa kila shida andika vitu vitano: iko wapi hasa, inawagusa kaya ngapi kwa makadirio, imeanza lini, nani alishaambiwa, na alijibu nini. Hicho cha mwisho kina thamani kubwa. Shida nyingi za kata zimeshaandikiwa barua, na jibu liko kwenye faili la ofisi ya mtendaji.

Kisha nenda kwenye karatasi zenyewe. Omba kwa mtendaji wa kijiji mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu, na mpango wa maendeleo wa kijiji. Soma ubao wa matangazo: taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kubandikwa pale. Soma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu serikali za mitaa, ambayo hutolewa kila mwaka, utafute jina la halmashauri yako. Na zungumza na wenyeviti wa vijiji au mitaa. Hao walichaguliwa Novemba 2024, karibu mwaka mmoja kabla ya madiwani, na ndio wajumbe wa kamati ya kata utakayoiongoza. Mgombea anayewapita atawakuta mezani.

Maji: pima kabla ya kuahidi kisima

Ahadi ya "kisima kipya" ndiyo rahisi kuliko zote kutamka, na mara nyingi siyo tiba. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Jaza ndoo kwenye kituo mara tatu: asubuhi, mchana, jioni. Tuseme inachukua sekunde 80. Kwa saa moja kituo kinatoa ndoo 45, na kikifunguliwa saa sita kwa siku ni ndoo 270, sawa na lita 5,400. Kiwango kinachotumika vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu wasiozidi 250, na umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Lita 5,400 zinatosha watu 216. Kama kituo hicho kinategemewa na watu 700, sasa una namba ya kusema mbele ya mtu yeyote, awe mhandisi au bibi kizee.

Halafu tafuta chanzo. Kama vituo vya karibu na tenki vinatoa maji kwa kasi na vya mbali vinadondosha, bomba linavuja au ni jembamba mno, na kisima kipya hakitasaidia kitu. Kama vyote vinadondosha, tenki halijai: uliza pampu inafanya kazi saa ngapi, dizeli inanunuliwa na nani, au kama ni sola, mara ya mwisho paneli zilifutwa vumbi lini. Vumbi la huku kiangazi hupunguza nguvu ya sola kwa kiasi ambacho macho yanaona. Kama maji yapo lakini kituo kimefungwa kwa kufuli, shida ni ya chombo cha watumia maji, yaani jumuiya ya wanakijiji inayosimamia maji na kukusanya malipo yake.

Hapo kwenye chombo cha watumia maji panahitaji ujasiri. Ikiwa ndoo inauzwa shilingi 50, kituo cha ndoo 270 kinaingiza shilingi 13,500 kwa siku, yaani kama 405,000 kwa mwezi. Zidisha kwa idadi ya vituo. Kisha uliza kwa heshima: akaunti ina kiasi gani, na kifaa kilichoharibika kinagharimu kiasi gani? Mara nyingine fedha ipo na kinachokosekana ni kikao cha kuidhinisha matumizi. Mara nyingine haipo, na wanakijiji wana haki ya kujua. Kuahidi kusomwa kwa mapato na matumizi ya maji kila robo mwaka kwenye mkutano mkuu hakuhitaji senti ya serikali, na kunaweza kurudisha maji haraka kuliko mradi wowote.

Kama kisima kipya kinahitajika kweli, ahidi hatua zake. Miamba ya Dodoma ni migumu, na maji hukaa kwenye mipasuko yake. Shimo moja linaweza kutoa maji na jingine mita thelathini pembeni likatoka kavu, na shimo kavu linalipiwa vilevile. Utaratibu ni utafiti wa maji chini ya ardhi, kibali cha bodi ya maji ya bonde, uchimbaji, kupima wingi wa maji kwa kuyapampu mfululizo, kisha maabara. Hatua ya maabara isirukwe kamwe: maji ya ukanda huu mengi yana chumvi na mengine floraidi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Mgombea aliyesema "nitasimamia utafiti ufanyike mwaka wa kwanza" atasimama tena bila aibu. Aliyesema "kisima" atazomewa na shimo kavu.

Maji ya mifugo yatenganishe na ya watu tangu mwanzo. Lambo hufa kwa kujaa mchanga, kwa sababu ng'ombe hushuka mpaka ndani na kingo zinabomoka. Linalodumu lina uzio, nyasi kwenye kingo, na birika la kunyweshea lililo nje. Ukiahidi lambo bila birika, umeahidi bwawa la miaka michache.

Katika kata 41 za Jiji la Dodoma hesabu ni nyingine: mtoa huduma ni DUWASA, na kinachomuumiza mkazi wa mtaa ni ratiba ya mgao. Omba ratiba ya mtaa wako, iandike siku kwa siku kwa wiki mbili ukilinganisha na maji yaliyotoka kweli, na uwe na hiyo karatasi mkononi.

Barabara na makorongo

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Zilizobaki zinazotambuliwa ni za TARURA. Njia nyingi za kwenda mashambani na kwenye vitongoji vipya hazimo kwenye orodha ya mtandao wa barabara, na isiyomo haipangiwi fedha za matengenezo. Kwa barabara ya namna hiyo, kipaumbele chako cha kwanza ni kuiingiza kwenye orodha: muhtasari wa kijiji unaokubali upana wa barabara na wenye mashamba kusaini kwamba wanaacha eneo, halafu kamati ya kata, halafu meneja wa TARURA wa wilaya.

Pili, usiombe greda ukiwa na shida ya korongo. Greda ikipita Novemba bila mitaro ya kutolea maji wala kushindilia, mvua za Januari huchukua udongo wote uliolegezwa na barabara inakuwa mfereji. Mahali panapokata mawasiliano ni pachache. Kwenye barabara ya kilomita 12 panaweza kuwa patatu tu. Nenda kila mahali hapo, pima upana wa korongo kwa hatua, tafuta alama ya maji kwenye miti au kingo ujue kina, uliza lilikata siku ngapi msimu uliopita, na piga picha ukiwa na mtu amesimama ndani ili kipimo kionekane. Kwenye makorongo mapana yenye mchanga, kalvati za duara hujaa mchanga na magogo kwa mafuriko mawili tu, maji yanapita juu na kung'oa tuta. Mara nyingi drifti, yaani sakafu ya zege ya kuvukia yenye kingo zilizojengwa kwa mawe, hudumu zaidi na ni nafuu. Uamuzi ni wa mhandisi, lakini diwani anayeuliza "kwa nini siyo drifti?" anapata majibu ya kina kuliko anayesema "tunaomba barabara."

Maboma na viporo

Kila kata ina boma: jengo la zahanati, darasa au nyumba ya mwalimu lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi likafika lenta, yaani usawa wa juu ya milango na madirisha, na kusimama. Haya yahesabu yote kabla ya kufikiria kujenga kipya. Miongozo ya bajeti kwa miaka mingi imekuwa ikisisitiza kumalizia viporo, kwa hiyo boma lina nafasi kubwa ya kupata fedha kuliko kiwanja kitupu. Na liko jambo la utu pia. Watu walibeba mawe, mchanga na maji kichwani. Boma linaloota nyasi ndani linawafundisha wasichangie tena.

Kagua boma hivi. Lilijengwa kwa ramani ya halmashauri? Kama vyumba ni vidogo kuliko ramani, mhandisi atakataa kuliezeka na ni bora ujue mapema. Ukuta wa juu umefunikwa? Matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, yakinyeshewa misimu miwili bila kofia ya saruji au mabati chakavu juu, kozi za mwisho hulegea na lazima zibomolewe. Jaribu kwa mkono: tofali la juu likicheza, andika. Eneo ni la kijiji kwa maandishi? Ukikosa muhtasari wa kutoa eneo, familia iliyotoa shamba kwa mdomo itakuja kulidai siku mabati yanapopanda, na mara nyingi wanaodai ni watoto wa aliyetoa, ambao hawakuwepo.

Kwa zahanati, paa halitoshi. Ili ifunguliwe inahitaji choo, maji, kichomea taka, nyumba ya mtumishi, usajili na mtumishi mwenyewe. Zipo zahanati zilizopakwa rangi na kufungwa kwa kufuli kwa kukosa kimoja tu cha hivyo. Andika orodha hiyo yote, weka alama kilichopo, na kipaumbele chako kiwe "zahanati ifunguliwe."

Shuleni namba zinasema zenyewe. Darasa la msingi ni wanafunzi 45. Tundu la choo ni moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 310 na wavulana 290 inahitaji matundu 16 na 12, jumla 28. Yakiwepo 8, pengo ni 20. Kuhusu gharama, fedha za madarasa za mwaka 2021 zilitolewa kwa shilingi milioni 20 kwa darasa. Bei za saruji na nondo zimebadilika tangu wakati huo, kwa hiyo chukua makadirio mapya kwa mhandisi wa halmashauri. Usitaje gharama uliyoipata kwa fundi wa mtaani.

Chakula cha shule nacho kina msimu wake. Wazazi wakiombwa debe la mahindi au mtama Januari, ghala liko tupu na watakuona adui. Makubaliano yafanyike kwenye mkutano mkuu wa Juni au Julai, mazao yakiwa bado nyumbani, na stoo ya shule iwe imeshapigwa dawa.

Ardhi

Hapa mgombea aseme machache na ayajue sana. Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na ugawaji unapita mkutano mkuu wa kijiji. Diwani hagawi ardhi. Anachoweza kusukuma ni mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaotenga makazi, mashamba, malisho na mapito ya mifugo, kisha kufuatia hati za hakimiliki ya kimila. Ugomvi wa wakulima na wafugaji huanzia kwenye mapito yaliyolimwa. Tembea mapito hayo na wazee wa pande zote mbili siku moja, wakiwa pamoja, kabla hujasema chochote jukwaani. Ukitembea na upande mmoja tu, upande wa pili utakuwa na habari kabla jua halijazama.

Mjini, tangu CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, ilipovunjwa 2017 kazi za upangaji na viwanja zilihamia kwenye mamlaka ya jiji, na malalamiko ni ya viwanja vilivyotolewa kwa watu wawili, fidia na urasimishaji uliokwama. Usimwahidi mtu kiwanja chake. Unachoweza kuahidi ni orodha: kila mtaa uwe na rejesta ya migogoro, jina la mlalamikaji, namba ya kiwanja, nyaraka alizonazo na mahali faili lilipofikia, ili ipelekwe kwenye kamati ikiwa mkoba mmoja badala ya watu mmoja mmoja kupanga foleni kwenye korido.

Mikopo ya asilimia kumi

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ni mikopo isiyo na riba na inarejeshwa. Mgombea anayeisema kama zawadi anaua mfuko, kwa sababu kikundi kisichorejesha kinamnyima kinachofuata. Vikundi hukwama kwa sababu huundwa siku ya kusikia fedha zipo. Ahidi kitu unachoweza: afisa maendeleo ya jamii wa kata apangiwe siku maalum kila kijiji, ili vikundi vipate katiba, usajili, akaunti ya benki na mihtasari miezi sita kabla ya maombi.

Kuchuja hadi vitatu

Daftari litakuwa na hoja arobaini au zaidi. Jukwaani peleka tatu. Kila hoja ipitishe kwenye maswali manne: fedha iko kwa nani, karatasi gani ipo tayari, iko hatua gani leo, na itafika kikao gani mwezi gani. Inayokosa majibu mawili iweke kando kwa sasa. Hakikisha kati ya hizo tatu mojawapo haihitaji fedha kabisa, mojawapo ni kiporo, na mojawapo ni ya wale wasiofika mikutanoni. Bila kigezo cha mwisho, vitongoji vya pembezoni havitaingia kamwe.

Andika kila kipaumbele kwa namna hii, kwenye karatasi moja:

"Kufungua zahanati ya kijiji. Hali ya leo: boma limefika lenta, eneo lina muhtasari, halina choo wala nyumba ya mtumishi. Wanaoguswa: vitongoji vitano, wanaotembea hadi zahanati ya kijiji jirani. Kazi ya wananchi: mchanga, mawe na kuchimba shimo la choo, kabla ya Desemba. Kazi ya diwani: makadirio ya mhandisi Novemba, kamati ya kata Desemba, kamati ya Baraza inayoshughulikia afya, kisha bajeti. Kipimo: mtumishi wa kwanza kuripoti."

Unaona kwamba haina neno "nitajenga." Ina majina ya vikao na miezi, na mtu yeyote anaweza kukuuliza Januari kama Desemba ilifanyika.

Jukwaani

Dakika kumi zinatosha. Salamu ya heshima kwa wazee, na kama uko kwa Wagogo, "mbukwenyi" yako itapokelewa. Lakini hoja ziseme kwa Kiswahili ambacho mgeni wa kata naye anaelewa. Dakika mbili kwa kila kipaumbele, ukianza na kipimo: "Nilijaza ndoo pale kwa sekunde themanini." Watu wataitikia, kwa sababu ndoo hiyo waliijaza wao asubuhi. Bakiza dakika tatu za maswali.

Ukiulizwa jambo lisilo la diwani, taja mlango wake: hili ni la mbunge, hili la TANESCO, na mimi nitalipeleka kwa barua yenye muhuri wa kamati ya kata. Ukiulizwa usilolijua, andika jina la kitongoji na swali mbele ya watu, na urudi na jibu kabla kampeni hazijaisha. Kurudi huko kuna uzito kuliko mabango.

Mkutano uwe kwenye ratiba iliyokubaliwa, na uishe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usigawe sukari, kanga wala mafuta ya pikipiki kwa wapiga kura. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inagusa hayo, na TAKUKURU hufuatilia. Usichangie boma kwa saruji yako katikati ya kampeni hata kama moyo unakuuma kuliona. Subiri.

Karatasi ya vipaumbele nakili na uiache kwa kila mwenyekiti wa kijiji na kwa mtendaji wa kata, iwe umeshinda au umeshindwa. Hoja hizo ni za wananchi, na aliyeshinda anaweza kuzitumia. Ukishinda wewe, ajenda ya kikao chako cha kwanza cha Kamati ya Maendeleo ya Kata iwe na vipengele vitatu: orodha ya maboma na hali yake, mapato na matumizi ya kila chombo cha maji, na mapendekezo ya miradi ya bajeti ijayo. Peleka na ndoo ile.